Mgeni wa Bwana Maelezo

Theodosia aliingia kwa wakwe zake Heru Juu akiwa na sanduku la nguo, sufuria za harusi, na Kiswahili kizuri kuliko cha mtu yeyote pale nyumbani. Sufuria zilisifiwa. Kiswahili hakuna aliyekiulizia.

Alikuwa mzaliwa wa Munanila, kule juu karibu na mpaka wa Burundi, na kwao waliongea Kiha asubuhi mpaka jioni. Kiswahili alikiokota Kasulu mjini, kwenye mgahawa wa Bi Asmahani, mama wa Ujiji ambaye hakuweza kumwagiza mtu chumvi bila kumtania kidogo. Theodosia alisukuma chapati pale tangu alipomaliza darasa la saba, mpaka siku Evaristi alipokuja kunywa chai. Evaristi akanywa, akarudi kesho yake akanywa tena, na baada ya chai nyingi sana akatuma wazee Munanila. Theodosia alipoondoka kwa Bi Asmahani aliondoka na mkono wa chapati na ulimi mwepesi.

Lakini mkamwana mgeni hatumii ulimi mwepesi mbele ya wakwe. Mama yake Evaristi, Ndayikeza, alikuwa mjane aliyevuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa upande huu, akalima, akazaa, akawa Mtanzania. Kirundi chake na Kiha cha majirani vilielewana bila shida. Kiswahili alijua salamu, bei za sokoni na maneno ya kumfukuza mbuzi. Hakuwa mkali wa kelele. Alikuwa mkali wa kunyamaza, na akinyamaza yeye, hata kuku walikwenda kudonoa upande mwingine wa nyumba. Theodosia akajifunza kuinamisha macho, kujibu "ego, mama," yaani ndiyo, na kupuliza moto. Evaristi alikuja kusema baadaye kwamba mwaka ule wa kwanza alidhani ameletewa dada wa yule msichana wa mgahawani, siyo mwenyewe.

Kilichomrudisha Theodosia kilikuwa televisheni.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, umeme bado haujafika Heru Juu. Mansuri, mwenye duka, kijana mcheshi aliyekuwa na ndugu Tanga, alinunua jenereta na dishi, akaweka televisheni juu ya kaunta kati ya sabuni na viberiti. Jumamosi jioni kijiji kizima kilikuwa kwake. Vijana na wanaume waliojua Kiswahili walikaa mabenchi ya mbele. Akina mama wazee walikaa nyuma, karibu na magunia ya chumvi, wakitazama picha tu.

Kipindi kilichowaleta wote kiliitwa Karibu Useme. Kilikuwa ni vichekesho vya kuigiza vile vipindi vya mahojiano ambavyo watu wakubwa hukaa kwenye makochi na kuulizwa maoni yao. Mtangazaji wake aliitwa Bwana Maelezo. Alivaa koti lililomzidi mabega, alikuwa na ua la plastiki mezani na glasi ya maji ya mgeni, ambayo aliinywa yeye. Kila wiki alimkaribisha mgeni mmoja, na mgeni alikuwa mwigizaji yuleyule mwembamba, ila leo kavaa kofia ya mkurugenzi, wiki ijayo kilemba cha mganga, wiki nyingine jezi ya mpira.

Bwana Maelezo alianza hivi: "Mgeni, swali langu ni fupi." Hapo ndipo watu walipoanza kucheka, kwa sababu swali halikuwa fupi hata kidogo. Lilianzia utotoni kwa Bwana Maelezo, likapita shuleni alikosoma, likaingia kwenye ugonjwa wa mjomba wake, likajijibu lenyewe katikati, likaanza upya. Mgeni alifungua mdomo. Bwana Maelezo alinyanyua kidole: "Kabla hujajibu." Mgeni akafunga mdomo. Ikawa hivyo mpaka kengele ilie, na Bwana Maelezo asimame amshike mgeni mkono: "Muda wetu umekwisha. Mgeni, tunakushukuru kwa mchango wako mzito!"

Mgeni hakuwahi kusema neno. Huo ndio ulikuwa utani wenyewe.

Ndayikeza alipelekwa mara ya kwanza na jirani yake Niyomwungere, mama mnene wa kucheka ovyo ambaye naye Kiswahili kilimpiga chenga. Theodosia aliwafuata nyuma amebeba kigoda cha mama mkwe. Mabenchi ya mbele yalipoangua kicheko, Ndayikeza alimgeukia.

"Ati iki?" aliuliza. "Anasemaje?"

Theodosia aliinama akamnong'oneza kwa Kiha maneno ya Bwana Maelezo. Ndayikeza akatikisa kichwa. Kicheko kingine. "Ati iki?" Theodosia akanong'ona tena. Niyomwungere akasogeza kigoda. Wakasogea na wengine, mpaka Theodosia akajikuta amezungukwa na vitenge, ananong'ona kwa sauti ambayo haikuwa tena ya kunong'ona.

"Na yule mwembamba?" Ndayikeza akauliza. "Yeye anasemaje?"

"Hajasema kitu, mama."

"Haiwezekani. Mtu ametoka kwake, amekalishwa, hata maji amenyimwa, halafu hajasema kitu? Hujasikia vizuri. Sikiliza."

Theodosia akasikiliza. Kwenye kioo mgeni alikuwa amefungua mdomo, macho yamemtoka kwa kutaka kusema. Mama mkwe alikuwa anamtazama Theodosia kwa ule ukimya wake. Na kitu fulani, kitu kilichokaa kimya tangu alipotoka kwa Bi Asmahani, kikateleza kwenye ulimi wake kabla hajakishika.

"Anasema," akatafsiri, "mimi nimetembea kwa miguu kutoka asubuhi, na kiatu hiki cha kushoto si changu, ni cha shemeji yangu, kinaniuma mpaka kwenye sikio."

Niyomwungere alicheka akaegemea gunia la chumvi, gunia likalala. Ndayikeza naye, ambaye Theodosia alikuwa hajawahi kuyaona meno yake ya nyuma, aliyaonyesha yote.

"Maskini!" alisema, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Si nilikwambia anasema?"

Mabenchi ya mbele yaligeuka. Waliojua Kiswahili walijua vizuri kwamba mgeni hajasema kitu. Evaristi, aliyekaa mwisho wa benchi, alivuta kofia ikafunika uso wote. Lakini hakuna aliyefungua mdomo. Kipindi kilipoisha Mansuri alimwita Theodosia kando ya mlango wa duka, naye akaenda akijua anakwenda kufukuzwa.

"Shemeji," Mansuri alisema kwa sauti ya chini, "wiki ijayo usikae nyuma. Utakaa hapa kwenye kreti, karibu na televisheni. Mgeni akifungua mdomo, mimi nitapunguza sauti. Sawa?"

Wiki iliyofuata Theodosia alikaa kwenye kreti. Akawa hatoki tena. Mansuri alisimama na mkono kwenye kitufe cha sauti kama dereva kwenye gia. Bwana Maelezo akimaliza pumzi, sauti inashuka, mdomo wa mgeni unafunguka, na Kiha cha Munanila kinajaa dukani. Waliojua Kiswahili wakawa wanatazama vipindi viwili kwa mpigo, na walicheka zaidi kuliko wengine.

Wageni wa Theodosia walikuwa na shida zinazofahamika. Mkurugenzi wa maji alisema bomba la mtaani kwake limekauka na mwenyekiti wake wa mtaa anaoga kila siku, sijui wapi. Mwenyekiti wa Heru Juu alikuwa amekaa benchi la pili. Alicheka pamoja na watu, ila Jumatatu fundi alionekana bombani. Mganga alikiri kwamba dawa yake ya mapenzi aliijaribu kwa mke wake mwenyewe na mke akarudi kwao. Mchezaji mpira alilalamikia mbuzi wa jirani. "Kumbe hata Dar es Salaam mbuzi wanakula mihogo ya watu!" Niyomwungere alishangaa, na akaenda nyumbani akawafunga wa kwake.

Nyumbani napo mambo yalibadilika. Ndayikeza alimpenda yule mgeni. Akichota maji, akimenya mihogo, alimkumbuka akacheka peke yake, na asubuhi ya Jumapili, njiani kwenda kanisani, alimtaka Theodosia amrudie maneno. Mkamwana na mama mkwe wakawa wanatembea bega kwa bega, jambo ambalo majirani walilitazama mara mbili.

Lakini kulikuwa na neno moja Theodosia hakuweza kulisema. Alitaka kwenda soko la Kibondo kuuza maharage. Shamba lao lilitoa maharage ya njano mazuri, na kila msimu walanguzi walikuja na gari mpaka shambani, wakataja bei yao, wakapakia, wakaondoka. Theodosia alikuwa amekaa mgahawani miaka, anajua jinsi mtu anavyozungumzishwa mpaka apandishe bei mwenyewe. Alimwambia Evaristi usiku na mchana.

"Mimi sina neno," Evaristi alijibu. "Muulize mama."

Na mama alishasema zamani, tena siyo kwa Theodosia, alisema tu hewani huku anapepeta: mkamwana anayekwenda kulala kwenye masoko ya watu, huyo umemwoza kwa barabara, siyo kwa mwanao.

Basi Jumamosi moja mgeni wa Bwana Maelezo alikuja amevaa kofia ya majani. Alikuwa mkulima bora. Bwana Maelezo aliuliza swali lake fupi, akalizungusha, akalinywea maji. Mansuri akapunguza sauti. Mgeni akafungua mdomo.

Theodosia alitazama kioo, hakutazama nyuma.

"Anasema," alisema taratibu, "mimi msiniite bora. Mimi ni mjinga. Nyumbani nina mke wa mwanangu. Anajua hesabu, anajua Kiswahili, ana mdomo wa kumzungusha mfanyabiashara mpaka akasahau alikotoka. Na mimi nimemkalisha jikoni anapuliza moto. Maharage yangu anakuja kunipangia bei mtu nisiyemjua hata jina. Sasa niambieni, aliyenipa huo ubora ni nani?"

Dukani watu walicheka, kisha kicheko kikapungua chenyewe. Akina mama wakasema "eeeh," ile ndefu ya kukubali jambo zito. Mansuri alisahau kurudisha sauti. Evaristi akavuta kofia mpaka kidevuni.

Njiani kurudi Ndayikeza hakusema kitu. Jumapili hakusema kitu. Jumatatu asubuhi alimkuta Theodosia akipuliza moto, akasimama juu yake.

"Yule mgeni wa juzi," alisema, "ana akili."

"Ego, mama."

"Kibondo una mtu unayemjua?"

Theodosia alipuliza majivu yakamwingia machoni, akapata sababu ya kulia.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Kwanza alikwenda na gunia moja juu ya lori la mbao, akalala kwa binamu wa Bi Asmahani, akarudi akiwa amechoka na amefurahi. Baadaye akapata meza sokoni, kisha kibanda chenye bati. Evaristi alilima na kusafirisha, yeye akauza. Leo ukishuka Kibondo, kwenye barabara ile ya kwenda Nyakanazi, ukaulizia maharage ya njano, utaelekezwa kwake, na utaondoka na maharage mengi kuliko uliyokusudia na hutakasirika. Anakaa Kibondo katikati ya wiki na kurudi Heru Juu mwisho wa wiki. Watoto walisoma kwa fedha hiyo.

Karibu Useme kilikoma kabla mtoto wa kwanza hajaanza shule. Siku moja tu hakikuonyeshwa, na wiki iliyofuata pia, pakawekwa mpira. Mansuri alihamia Kasulu mjini, akafungua duka kubwa, akaoa, akaota kitambi. Umeme ukafika Heru Juu, kila nyumba ikawa na kioo chake, na duka la jenereta likawa stoo ya mbolea. Ila mgeni hakufa. Ndayikeza aliendelea kumnukuu. Wajukuu walikua wakijua kwamba zamani kulikuwa na mtu mwembamba kwenye televisheni mwenye maneno ya busara. Binti mkubwa wa Theodosia alipotaka kusomea uuguzi na Theodosia akasita, Ndayikeza aligonga fimbo chini: "Yule mgeni alisema nini kuhusu kumkalisha jikoni mtu mwenye akili? Umesahau? Si ulinitafsiria mwenyewe?" Theodosia akashindwa kwa maneno yake na binti akaenda chuoni.

Mwaka jana, siku ya soko, simu ililia akiwa anampimia mteja.

"Shemeji!" Alikuwa Mansuri. "Nimempata Bwana Maelezo!"

"Umempata wapi?"

"Wameviweka vipindi vyote mtandaoni. Nimekaa hapa dukani natazama, namsubiri mgeni aseme ile ya kiatu. Nasubiri, nasubiri. Nikafikiri bando limekwisha. Ndipo nikakumbuka, Allah! Mtu mwenyewe ni wewe!"

Walicheka mpaka mteja akaweka kikapu chini akasubiri.

"Jumapili mnakuja wote kwangu," Mansuri alisema. "Nina televisheni ya ukutani, naitoa uani. Nimeshatuma ujumbe Heru Juu. Mama Ndayikeza ndiye mgeni rasmi. Amefurahi sana, anasema ana hamu ya kumsikia tena yule kijana."

Theodosia aliacha kucheka. Mama mkwe alikuwa ni mzee sana sasa, fimbo mkononi, ila masikio yake hayakuwa na kasoro, na miaka hii yote ya redio na wajukuu ilikuwa imempa Kiswahili cha kutosha. Mambo ya kiatu na mbuzi yangepita. Lakini Kibondo? Biashara yake yote, kibanda, shule za watoto, vilisimama juu ya ruhusa aliyopewa mtu ambaye hakuwepo.

Usiku ule aliongea na Evaristi kwa simu.

"Nikisema naumwa?"

"Utajiponza," Evaristi alisema. "Atakuja kukuuguza."

Jumapili mchana uani kwa Mansuri palijaa. Mkewe Tunu alikuwa ametandika mikeka, sambusa zinazunguka kwenye sinia, chai ya tangawizi inamiminwa. Wazee wa Heru Juu walifika na pikapu ya duka, wamevaa vitenge vya sikukuu. Ndayikeza alikalishwa kiti cha mbele, Niyomwungere pembeni yake. Theodosia alijibanza karibu na mlango wa jiko akijifanya anamsaidia Tunu vikombe.

Muziki wa Karibu Useme ulipolia, watu wazima walipiga makofi kama watoto. Akatokea Bwana Maelezo na koti lake. Alikuwa mdogo kuliko walivyomkumbuka, ila kidole kilikuwa kilekile, na aliposema swali lake ni fupi, ua wote ulisema pamoja naye. Vijana wa mjini waliokuwa hawajawahi kumwona walianza kucheka hapohapo. Ndayikeza alicheka, safari hii kwa masikio yake mwenyewe, na kila alipolielewa neno alimgusa Niyomwungere goti.

Kisha mgeni akafungua mdomo. Akina mama wa Heru Juu wakainama mbele, wote pamoja.

Kimya.

"Ongeza sauti!" Niyomwungere alisema.

Mansuri, bila kufikiri, akaongeza. "KABLA HUJAJIBU!" Bwana Maelezo alinguruma, kuku wa Tunu akaruka ukuta. Mgeni akafungua mdomo tena. Kimya tena.

"Hii imeharibika," Niyomwungere aliamua. "Inasema upande mmoja tu."

Ndayikeza alinyanyua fimbo. "Isimamishe."

Mansuri akaisimamisha. Mgeni akabaki pale kwenye kioo na mdomo wazi. Ndayikeza alimtazama muda mrefu, halafu akageuka taratibu, akapitisha macho kwenye uso mmoja baada ya mwingine mpaka yakafika mlango wa jiko.

"Theodosia."

"Naam, mama."

"Njoo hapa." Theodosia akaja, akapiga magoti mkekani kama mkamwana mgeni. "Huyu mtu hakuwahi kusema?"

"Hakuwahi, mama. Ndiyo mchezo wenyewe ulivyokuwa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Ya kiatu?"

"Ilikuwa mimi."

"Ya bomba?"

"Mimi."

Mwenyekiti wa zamani alikohoa. Ndayikeza hakumwangalia. "Ya mkamwana na maharage?"

Theodosia alitazama vidole vyake. "Mimi, mama."

Hakuna aliyetafuna sambusa. Nyuma kabisa Evaristi, mwenye mvi sasa, alivua kofia akafunika uso.

"Kwa hiyo aliyeniomba Kibondo ulikuwa wewe," Ndayikeza alisema.

"Nilikuwa mimi."

"Ungeniomba mwenyewe ningekataa."

"Nilijua, mama."

Bibi alifikiri. Alitazama kioo, akamtazama Theodosia, akatazama kitenge kizuri alichovaa yeye mwenyewe, ambacho Theodosia alimletea kutoka Kibondo.

"Basi alifanya vizuri kuja," alisema.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Mwanzoni Theodosia alidhani analia, akamshika mkono, kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta njia ya kutokea. Kilipotoka kilikuwa cha msichana. Niyomwungere, ambaye bado alikuwa hajaelewa vizuri, alicheka kwa kuwa mwenzake anacheka, kisha akaelewa, akapiga ukelele: "Nimewafunga mbuzi wangu miaka yote kwa ajili yako!" Hapo ua wote ukalipuka.

Ndayikeza alipopata pumzi, hasira zake zote zilimwangukia Bwana Maelezo. "Na huyu mwenye koti! Amemwalika mtoto wa watu, amemnywea maji, na hakumpa nafasi hata siku moja! Hana adabu." Akagonga fimbo. "Mansuri, washa. Theodosia, kaa pale karibu na televisheni. Msemee."

Tunu alileta kreti ya soda ikiwa na chupa zake. Theodosia akakaa. Mansuri akashika rimoti, akanyoosha mkono kama zamani, na Bwana Maelezo akazunguka na swali lake mpaka akaishiwa pumzi. Sauti ikashuka. Mdomo wa mgeni ukafunguka.

"Anasema," Theodosia alisema kwa Kiha, sauti imempanda yenyewe, "jamani, mimi nimekaa kwenye kiti hiki zaidi ya miaka ishirini. Nilipokuja nilikuwa na nywele. Mke wangu ameshaolewa, wanangu wana wajukuu, mgongo umegeuka ubao. Na swali bado halijaisha."

Hawakumwachia ashuke. Walitazama kipindi cha pili, na cha tatu. Vijana wasiojua Kiha waliwavuta bibi zao mikono wakitaka kutafsiriwa, na bibi wakawatafsiria, kila mmoja akiongeza cha kwake. Mgeni alilalamikia wajukuu wanaosalimia huku wanatazama simu. Alilalamikia kitambi cha Mansuri. Mwenyekiti wa zamani alisimama mwenyewe akaomba ile ya bomba irudiwe, akacheka nayo kwa mara ya kwanza bila wasiwasi.

Jua lilipoinama, Ndayikeza alikataa pikapu. Alisema amekaa sana, anataka upepo. Wakapanda bodaboda mshikaki, kijana wa pikipiki mbele, bibi katikati, Theodosia nyuma amemkumbatia asianguke. Kila waliposahau, mmoja alikumbuka neno, mwili ukaanza kutetemeka, mwingine akaupokea, na pikipiki ikayumba kwenye vumbi.

"Mabibi, tulieni jamani," kijana alilia. "Mtatutia mtaroni."

Asubuhi yake Theodosia alitakiwa kuwa Kibondo. Alimpigia jirani yake wa sokoni amwangalizie kibanda. Alikaa na mama mkwe nje ya jiko, ungo wa maharage kati yao, wakichagua mabovu.

"Nisimulie wote," Ndayikeza alisema. "Tangu yule wa kwanza. Ila polepole. Zamani nilikuwa namsikiliza yeye, sasa nataka kukusikiliza wewe."

Theodosia akaanza. Wengine alikuwa amewasahau, Ndayikeza akamkumbusha. Wengine Ndayikeza aliwachanganya, Theodosia akamsahihisha, wakabishana. Saa sita Evaristi alirudi kutoka shambani na njaa yake, akakuta moto umezimika, sufuria haina kitu, na wanawake wawili wameshikana mabega wanafuta machozi. Alisimama akawatazama kidogo. Kisha akavuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya mihogo.